Kalkulasi ipi uchukue? Kozi tatu za vyuo vya Marekani kwa anayesomea sayansi au anayeelekea udaktari

Fungua orodha ya kozi za hisabati za Chuo Kikuu cha Minnesota, utakuta kozi tatu za kalkulasi, yaani hisabati ya kasi ya badiliko na ya eneo chini ya grafu, zimekaa jirani: namba 1142, 1241 na 1271. Ya kwanza ni kalkulasi fupi. Ya pili ni kalkulasi kwa ajili ya biolojia. Ya tatu inaitwa Kalkulasi ya Kwanza, basi, bila maelezo zaidi. Vyuo vingine vina namba nyingine na majina mengine, lakini ukichunguza utaona mgawanyo kama huo katika vyuo vikuu vingi vya Marekani. Kijana aliyefika juzi kutoka Tabora au Kakamega, ndoto yake udaktari, ana siku chache tu za kujiandikisha, na mara nyingi anaamua kwa kusikia. Mwenzake wa bwenini kamwambia ile ya tatu ni ya mainjinia, itamtoa jasho bure. Binamu aliyeko Texas kamwambia daktari hana haja na kalkulasi hata kidogo. Kila mmoja ana chembe ya ukweli, na hapo ndipo hatari ilipo.

Nayasema haya kwa uchungu. Nyumbani Tanzania nilisoma PCB (fizikia, kemia na biolojia), na BAM, ile hisabati ya msingi ya kidato cha tano na sita, kama wenzangu wote wa mchepuo huo, nikafika Marekani na kuchagua kalkulasi fupi kwa sababu moja: niliogopa. Nilipata A. Mwaka wa pili nikavutwa na biokemia, nikaenda kubadilisha fani, nikaambiwa kalkulasi niliyo nayo haitambuliki huko. Nikaanza upya ile kuu, yaani Kalkulasi ya Kwanza, na krediti za ile ya mwanzo zikaondolewa kwenye hesabu ya shahada kwa kuwa kozi zile mbili zinaingiliana na chuo hakihesabu zote mbili. Muhula mzima ulikwenda hivyo, na ada yake. Tangu siku hiyo mdogo wangu yeyote akiniuliza achukue kalkulasi ipi, kabla ya kujibu namuuliza: baada ya hiyo unakwenda wapi?

Udaktari wenyewe unadai nini

Mtihani wa kuingilia vyuo vya udaktari, MCAT, hauna kalkulasi. Una kemia na fizikia, biolojia na biokemia, saikolojia na sosholojia, na sehemu ya kusoma kwa ufahamu. Alama zake zinaanzia 472 na kuishia 528. Hesabu zake ni aljebra, logarithi, trigonometria kidogo, kubadilisha vipimo, kusoma grafu na jedwali. Zote unazifanya kwa kichwa na kwa mkono, maana kikokotoo hakiruhusiwi. Humo ndani, anayeweza kukadiria 0.693 gawanya kwa 2.5 bila mashine ana faida kumshinda bingwa wa integresheni, ile kalkulasi ya kutafuta eneo chini ya grafu.

Vyuo vya udaktari navyo, vingi havitaji kalkulasi kama sharti. Mwaka 2009 chama cha vyuo hivyo, AAMC, pamoja na taasisi ya Howard Hughes, kilitoa ripoti iliyosisitiza umahiri badala ya majina ya kozi: kwamba anayeingia udaktari aweze kutumia hisabati na takwimu kueleza mambo ya uhai, hata kama aliyapata kwa kozi ya jina jingine. Vichache bado vinataka kalkulasi au vinaipendelea. Na viko vya namna ya pekee kabisa. Programu ya udaktari ya HST, inayoendeshwa na Harvard na MIT kwa pamoja, inamtarajia mwombaji awe amepita kalkulasi yote, amefika kwenye milinganyo ya diferensheli (ile inayobeba kasi ya badiliko ndani yake) na aljebra ya matriksi, na fizikia yake iwe ile yenye kalkulasi ndani.

Kwa hiyo binamu wa Texas hajakosea sana. Alichosahau ni kwamba Marekani udaktari unaanza baada ya shahada ya kwanza, na shahada hiyo ina madai yake. Biolojia ya BS, yaani shahada ya kwanza ya sayansi, mara nyingi hutaka angalau kalkulasi moja. Kemia na biokemia aghalabu hutaka mbili au zaidi, kwa sababu mbele kuna kemia ya kifizikia, na pale hakuna pa kujificha. Uhandisi wa tiba hutaka mlolongo wote mpaka milinganyo ya diferensheli. Vyuo vingi vya famasia huweka kalkulasi na takwimu kwenye masharti yao.

Lipo na jambo ambalo wengi wetu huambiwa tumechelewa. Ukiwa kwenye viza ya mwanafunzi, iitwayo F-1, mlango wa udaktari Marekani ni mwembamba mno: vyuo vingi havipokei asiye na uraia wala grini kadi, na vinavyopokea huchukua wachache na hutaka uthibitisho wa fedha. Familia zetu za Kongo zilizokuja kama wakimbizi na kupata makazi ya kudumu ziko kwenye hali tofauti. Watoto wao wanaomba kama Wamarekani wengine. Lakini wewe uliyekuja na F-1 kutoka Dar es Salaam au Eldoret, ukweli ni kwamba kuna uwezekano mkubwa utajikuta kwenye utafiti, famasia, afya ya jamii, takwimu za tiba au uhandisi wa tiba. Sikukatishi tamaa. Nakuomba uchague kalkulasi ukijua kwamba njia yako inaweza kupinda, na kwamba huko inakopindia hesabu zinahitajika zaidi kuliko kwenye udaktari wenyewe.

Kidonge kimoja, madarasa matatu

Njia nzuri ya kuzilinganisha kozi hizi ni kuzipa swali moja na kuona kila moja inalishikaje. Tuchukue paracetamol. Kiasi chake katika damu hupungua nusu kila baada ya saa 2 hadi 3, tuseme 2.5. Mgonjwa anameza dozi, anarudia kila saa 6. Nini kinatokea mwilini mwake?

Katika kalkulasi fupi utapewa kanuni iliyokwisha kuandikwa: kiasi cha dawa ni dozi mara *e* kwa kipeo hasi cha *kt*, ambapo *e* ni namba maalumu iliyo karibu 2.718, *k* ni kasi ya dawa kupungua na *t* ni muda uliopita. Utaambiwa *k* ni 0.277 kwa saa, utafute kiasi kilichobaki baada ya saa 5, na kasi ya kupungua wakati huo. Unaingiza namba, unapata robo, unasonga mbele. Swali linalofuata huenda likawa la kiwanda kinachotaka kujua kizalishe viti vingapi ili faida iwe kubwa kabisa, kwa sababu darasa hili hasa liliwekwa kwa wanafunzi wa biashara. Saini, kosaini na tanjenti hazimo, au zinaguswa juu juu. Uthibitisho hakuna. Si kozi mbaya. Inafundisha maana ya kasi ya badiliko na maana ya eneo chini ya grafu kwa haraka, na mtu wa uhasibu inamtosha. Shida yake ni kwamba mbele yake hakuna barabara: huwezi kuitumia kuingia Kalkulasi ya Pili, na huwezi kuitumia kuingia fizikia yenye kalkulasi.

Katika kalkulasi ya sayansi za uhai swali linaanzia upande mwingine. Hupewi kanuni. Unaulizwa: kama ini huondoa sehemu ile ile ya dawa kila saa, andika mlinganyo wa badiliko. Ukishauandika unaupeleka kwenye kompyuta na kuutembeza kwa hatua ndogo ndogo za muda, uone mstari unavyoshuka. Kisha unaongeza dozi ya pili, ya tatu, ya nne. Baada ya saa 6 imebaki kama asilimia 19 ya dozi, kwa hiyo dozi ya pili inaikuta hiyo, ya tatu inakuta mabaki ya zote mbili, na ukiendelea unaona kilele kinapanda mpaka kama mara 1.23 ya dozi moja, kisha hakipandi tena. (Hapa tumechukulia kidonge kinaingia damuni chote mara moja, mwalimu mzuri atakufanya uondoe dhana hiyo na uone kinachobadilika.) Halafu anabadilisha dawa. Digoxin, dawa ya moyo, hupungua nusu kwa kama siku moja na nusu hadi mbili. Ukichukua siku 2, na mgonjwa akameza mara moja kwa siku, dawa inajikusanya mpaka mara 3.4 ya dozi moja, na inachukua siku kadhaa kufika huko. Mwanafunzi aliyeyaona hayo kwenye grafu yake mwenyewe hatashangaa wodini kwa nini mzee aliyeanza dawa wiki iliyopita leo ana kichefuchefu.

Hilo darasa nalipenda, sifichi. Humo utakutana na ukuaji wa bakteria, idadi ya wanyama pale chakula kinapokuwa haba, na kuenea kwa magonjwa kwa milinganyo ile ya Kermack na McKendrick ya 1927. Utakutana pia na namna madaktari walivyopima damu inayosukumwa na moyo kwa dakika: wanadunga rangi mshipani, wanapima ukolezi wake kadiri muda unavyopita, wanagawanya kiasi cha rangi kwa eneo lililo chini ya grafu, na eneo hilo ndilo integresheni. Kwa sisi tuliokulia chini ya chandarua, kuna habari ya Ronald Ross. Alionyesha mwaka 1897 kule India kwamba mbu ndiye anayebeba vimelea vya malaria, akapata tuzo ya Nobel mwaka 1902, kisha akaandika milinganyo kuonyesha kwamba si lazima umalize mbu wote. Ukiwapunguza chini ya kiwango fulani, ugonjwa unazimika wenyewe. Jambo hilo unalithibitisha kwa kalkulasi ya muhula mmoja.

Vyuo vinatofautiana katika kulipika darasa hili. UCLA wana LS 30, inayoanza na milinganyo ya mabadiliko na kuprogramu tangu mwanzo, wala haisubiri ujue limiti, yaani thamani ambayo funksheni inaikaribia. Berkeley wana 10A na 10B, ambapo kalkulasi imechanganywa na takwimu na hesabu za uwezekano. Chuo Kikuu cha Texas pale Austin wana M 408R, inayobana diferensiesheni (kutafuta kasi ya badiliko) na integresheni katika muhula mmoja kwa ajili ya wanasayansi. Kwa hiyo usitosheke na jina. Soma silabasi, kwa maana ziko kozi zinazoitwa za sayansi za uhai lakini ndani yake ni kalkulasi fupi iliyobadilishiwa mifano, viti vimekuwa sungura.

Sasa kalkulasi kuu. Hapa kidonge chetu kitakaa foleni. Kwanza mtajenga limiti, na baadhi ya walimu watataka uzithibitishe kwa ukali wote. Mtajenga kanuni za diferensiesheni moja baada ya nyingine, pamoja na za trigonometria na kinyume chake. Mtaonyeshwa kwa nini *e* kwa kipeo cha *x* ndiyo funksheni ambayo kasi yake ya badiliko ni yenyewe, jambo ambalo madarasa mengine mawili hulichukua kama zawadi. Kutakuwa na ngazi inayoteleza ukutani, tangi la umbo la koni linalojaa maji, uzio wa shamba kando ya mto. Paracetamol itatokea kama zoezi namba 47. Halafu muhula wa pili, katika somo la mifululizo, utajumlisha moja, ongeza 0.19, ongeza 0.19 ya 0.19, na kuendelea bila mwisho, nawe utapata 1.23 ile ile kwa mstari mmoja wa kalamu, bila kompyuta. Nilipoliona hilo mara ya kwanza nilisimamisha kalamu. Kile wenzangu walichokiona kwenye skrini, mimi nilikuwa nimeelewa kwa nini lazima kiwe hivyo.

Ubaya wake ni mazingira na watu utakaokaa nao. Katika vyuo vikubwa ni ukumbi wa mamia, profesa yuko mbali, na vikundi vidogo vinaongozwa na wanafunzi wa uzamili. Wengi wa waliokaa humo walishasoma kalkulasi sekondari na wanairudia kwa usalama. Mitihani ya baadhi ya vyuo haina kikokotoo. Asiye na msingi wa aljebra atafeli kwa sababu ya aljebra, si kwa sababu ya kalkulasi, na hatajua ni nini kilichompiga.

Fizikia ndiyo inayofunga milango

Watu huchagua kalkulasi bila kuangalia fizikia. Vyuo vingi vina fizikia mbili: ya aljebra na ya kalkulasi. Vyuo vya udaktari kwa kawaida hupokea yoyote kati ya hizo, na MCAT inakaa kwenye ile ya aljebra. Lakini fani ya kemia, biokemia ya idara ya kemia, biofizikia na uhandisi wa tiba hutaka ya kalkulasi, na fizikia ya kalkulasi hutaka kalkulasi kuu, mara nyingi mkienda nazo sambamba. Ile ya sayansi za uhai inakubalika kwa chuo hiki na kukataliwa na kile. Hapa usikisie, muulize mshauri wa idara kwa maandishi na utunze jibu lake.

Ulitoka na nini nyumbani

Aliyesoma Advanced Tanzania, yaani hisabati ya juu ya kidato cha tano na sita, kwa PCM (fizikia, kemia na hisabati) au mchepuo wowote wenye somo hilo, ameshaona karibu yote ya muhula wa kwanza wa kalkulasi kuu na sehemu nzuri ya wa pili. Huyu aende kalkulasi kuu bila kusita, na aulize kwanza kama chuo chake kinatoa krediti kwa matokeo ya kidato cha sita. Akipewa Kalkulasi ya Pili moja kwa moja, apime: krediti ni tamu, lakini baadhi ya vyuo vya udaktari vinapenda kuona hisabati iliyosomwa na kupewa alama chuoni.

Aliyesoma BAM ana diferensiesheni na integresheni za msingi, matriksi, takwimu na uwezekano. Kinachompungukia ni mazoezi ya trigonometria na mikono myepesi ya aljebra, si akili. Mimi nilijidharau, nilichohitaji kilikuwa wiki sita za likizo na kitabu cha mazoezi. Mkenya wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ameonana na kalkulasi kidato cha nne: mwinamo wa grafu, mwendo na mchapuko, eneo kwa kanuni ya trapezi, ila kwa polinomia peke yake. Bado hajaona *e* wala diferensiesheni ya saini. Mganda aliyechukua hisabati ya prinsipo (kama somo kuu) yuko sawa na mtu wa Advanced, wa sabusidiari (somo la ziada) yuko karibu na BAM, na aliyechukua kompyuta badala ya hisabati asiruke hatua ya maandalizi. Ndugu wa Kongo waliopita sehemu ya sayansi mara nyingi wanajua zaidi ya wanavyodhani, lakini msamiati wao ni wa Kifaransa na swali la maneno linawachelewesha.

Msamiati unatuchelewesha hata sisi tuliosoma kwa Kiingereza. Gradienti wanaiita slopu, indeksi wanaziita eksponenti, sadi wanaziita radikali. Na pembe zote kwenye kalkulasi ni kwa radiani. Ukiacha kikokotoo kwenye digrii utakosa swali zima ukiwa unajua njia.

Vyuo vingi vitakupa mtihani wa kukupangia kozi, mara nyingi ALEKS, wenye maswali yasiyozidi 30 na alama hadi 100. Ufanye kwa uaminifu, wala usisaidiwe. Ukipandishwa kwa alama zisizo zako, atakayekaa kwenye ule ukumbi ni wewe.

Alama hazifutiki, na kuna krediti 12

AMCAS, mfumo wa maombi unaotumiwa na vyuo vingi vya udaktari, hukokotoa wastani wa pekee wa biolojia, kemia, fizikia na hisabati. Kalkulasi imo, na takwimu za idara ya hisabati zimo. Ukirudia kozi, alama zote mbili zinahesabiwa hata kama chuo chako kimefuta ya zamani. C ya kalkulasi kuu haiui ndoto ya mtu, lakini inamfuata. Hii ndiyo hoja yenye nguvu ya kuchagua darasa la sayansi za uhai, na naiheshimu: anayejua kwa hakika kwamba fani yake inalikubali, na msingi wake ni dhaifu, asijitie kwenye mashindano na mainjinia kwa ajili ya heshima.

Ukiona unazama, kozi inaweza kuachwa kabla ya tarehe fulani, nawe ukaandikiwa W, ambayo haiingii kwenye wastani. Kwa mwenye F-1 hapa kuna mtego. Sheria inataka usipungue krediti 12 kwa muhula. Kalkulasi nyingi ni krediti 4. Ukiwa umejiandikisha krediti 15 kama washauri wengi wanavyopendekeza, ukaiacha, unabaki na 11, na viza yako imetikisika. Ama anza na 16, ama pita ofisi ya wanafunzi wa kigeni kupata idhini kabla ya kubonyeza chochote. Nimeona mtu akilia kwenye korido kwa krediti moja.

Na takwimu je?

Ukiniuliza hesabu ipi itamsaidia daktari kila siku ya kazi, nitasema takwimu, mbele ya kalkulasi zote tatu. Chukua kipimo kinachonasa wagonjwa 99 kati ya 100, na kinachokosea kwa watu 5 tu kati ya 100 wasio na ugonjwa. Kinasikika kizuri. Sasa kipeleke kwenye mji wa watu 10,000 ambao mgonjwa ni mmoja katika kila mia. Wagonjwa 100, kinanasa 99. Wazima 9,900, kinawasingizia 495. Walioambiwa wana ugonjwa ni 594, na walio nao kweli ni 99: mmoja kati ya sita. Daktari asiyeweza kufanya hesabu hiyo atawatisha watu watano kwa kila mmoja anayemwokoa.

Lakini takwimu hazichukui nafasi ya kalkulasi pale fani inapoidai, na zile za kina, wanazosoma watu wa takwimu za tiba, zimejengwa juu ya kalkulasi ya vigeu vingi. Chukua zote mbili, katika mihula tofauti.

Ningekushauri hivi

Uko kwenye F-1, msingi wako ni Advanced au BAM nzuri, bado hujaapa kuhusu fani: chukua kalkulasi kuu. Ndiyo pekee inayokubalika kila mahali, na wewe ndiye mwenye haja kubwa kuliko wote ya kutofungiwa mlango. Muhula huo usiiweke pamoja na kemia ya oganiki. Iweke na kozi nyepesi za uandishi au historia.

Una grini kadi au uraia, fani ni biolojia, moyo uko kwenye udaktari, na aljebra inakusumbua: kalkulasi ya sayansi za uhai, kisha takwimu, na fizikia ya aljebra. Asikwambie mtu kwamba umekimbia. Katika chuo chenye darasa hilo lililopikwa vizuri utatoka unajua kuigeuza hali ya mgonjwa kuwa mlinganyo, na wengi waliopita ile kuu hawalijui hilo.

Unataka kemia, biokemia, uhandisi wa tiba, au programu kama HST: kuu, na uendelee hadi ya pili na ya tatu. Kama aljebra haiko sawa, anza na kozi ya maandalizi muhula mmoja. Muhula huo si wa kupotea. Nimetaja hapo juu nilivyoupoteza wangu.

Kalkulasi fupi ningemshauri mwanafunzi wa sayansi katika hali moja tu: idara yake imeandika wazi kwamba inaikubali, na hana fikra yoyote ya kuhama. Hata hapo ningemwomba alale juu ya uamuzi huo usiku mmoja.

Kabla ya kujiandikisha, fanya kazi moja ya saa mbili. Idara nyingi za hisabati huweka mitihani ya miaka iliyopita kwenye tovuti zao. Chapa mtihani wa mwisho wa kila kozi unayoifikiria, uweke mezani, usome swali hadi swali bila kuyajibu. Weka alama kwenye maswali ambayo hujui kuyafanya lakini unaelewa yanauliza nini, na alama nyingine kwenye yale ambayo hata swali lenyewe hulielewi. Nenda na karatasi hizo kwa mshauri wa idara, mwambie unakotaka kufika baada ya miaka minne, na umwonyeshe.